Chanja za dagaa na mbao za nani?

Mwaloni Igombe, wavuvi wanaposhusha samaki kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, nilimkuta mama akigeuza dagaa mchangani kwa ufagio, jicho moja kwenye wingu lililokuwa likipanda kutoka ziwani. Nikamuuliza kuhusu chanja, zile meza za mbao na nyavu ambazo watafiti wamezipigia debe miaka mingi: dagaa hawashiki mchanga, upepo unapita juu na chini, wanakauka upesi. Akanijibu, "Mwanangu, chanja nazijua. Mbao ananunua nani? Na hapa ninapoanika si pangu."

Anajua vizuri kwamba mzigo wenye mchanga huishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Kilichomkwamisha ni mtaji na eneo, na hayo mara nyingi hayaingii kwenye ripoti.

Watafiti nao wana hoja nzito: jambo lithibitike kwanza, ndipo lisambazwe. Tuchukue mfano wa afya. Kati ya 1991 na 1994, jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza zilishiriki utafiti ambamo tiba ya magonjwa ya zinaa iliboreshwa kwenye zahanati na vituo vya afya. Kwenye jamii sita zilizopata huduma hiyo, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko kwenye sita nyingine. Lakini Rakai, Uganda, ambako watu wote walitibiwa kwa mpigo majumbani, matokeo ya 1999 hayakuonyesha upungufu huo. Aliyekimbilia kusambaza dawa kila nyumba angepoteza fedha nyingi.

Hapo nawakubalia. Ila tuutazame vizuri utafiti ule wa Mwanza: waliotoa dawa ni wahudumu wa zahanati zile zile, kwa wagonjwa waliokuja kwa miguu yao. Utekelezaji haukusubiri ripoti, ndio uliokuwa ukipimwa. Chanja nazo zipimwe hivyo, mikononi mwa mwanamke mwenye deni la ndoo za dagaa alizochukua siku za giza, mwezi usipoonekana na dagaa wakivuliwa, masika yakiwa yamemkalia kichwani. Suala la mbao litajitokeza wiki ya kwanza.

Mtafiti atasema yeye si benki, na kweli si benki. Lakini halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ndiyo inayokusanya ushuru wa mialo. Basi ofisa wa mikopo, ofisa uvuvi na viongozi wa BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, waitwe kabla dodoso la kwanza halijachapwa, na swali la kwanza mezani liwe eneo la kuanikia.