Talaka Ujerumani, talaka Ujiji: mke anaondoka na nini?

Huku Ujerumani, tangu Julai 1977, wanandoa wakishatengana mwaka mmoja mahakama ya familia huweza kuvunja ndoa bila kutafuta mkosaji. Haki za pensheni walizojiwekea wakiwa ndani ya ndoa hugawanywa nusu kwa nusu. Mama aliyeacha kazi kulea watoto hatakiwi kuthibitisha kwamba alipika na kufua. Na kabla ya hapo mke wa huku aliruhusiwa kuajiriwa pale tu kazi isipogongana na wajibu wake wa nyumbani, kwa hiyo tusidhani wazungu walizaliwa na haki hizi.

Sheria yetu ya Ndoa ya Tanzania, ya 1971, si dhaifu. Kifungu cha 114 kinatambua mchango wa fedha, mali au kazi, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Ila Ujiji, kule Kigoma, mke akishaandikiwa talaka hufungasha akarudi kwao, basi. Karatasi ile haigawi mali! Mali hugawanywa na mahakama, na mahakamani unakwenda na hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), iliyoandikwa wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Barua isiyosema hivyo inaweza kuangusha shauri. Tena kwa ndoa ya Kiislamu sheria inataka baraza litangulie, talaka ifuate.

Kinachoumiza zaidi ni ushahidi. Mama ananunua dagaa Kibirizi, anaanika, anauza, faida inageuka saruji na mabati, lakini kiwanja na risiti vina jina la baba. Aliyetolewa darasani kuolewa na miaka 15 ataanzia wapi kudai? Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyoruhusu ndoa hizo, Rufani ikaafiki 2019. Kwa maoni yangu hesabu ianzie nusu kwa nusu, anayepinga ndiye alete ushahidi.

Kwa sasa, dada zangu, hati ya mauziano ya kiwanja iandikwe majina mawili. Fundi na duka la vifaa walipwe kwa simu yako ili miamala ibaki. Na nyumba ya ndoa, hata ikiwa kwa jina la mume, kifungu cha 59 cha sheria hiyo ya ndoa kinamkataza kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako. Unaweza kuwekesha zuio kwa msajili wa hati kabla mnunuzi hajafika.