Msilizibe lile baraza

Mafundi watanikasirikia, lakini nasema: nyumba kongwe za huku Marangu haziuawi na mvua wala mchwa. Zinauawa na ukarabati.

Nazungumzia zile nyumba za mashamba ya kahawa ambazo baadaye zilipokea wageni, kwa kuwa njia ya kwenda Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ilipita mlangoni. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889 wakitokea upande huu, na waliowafuata walihitaji pa kulala.

Iko moja ambayo siipiti bila kupunguza mwendo. Msingi wake ni mawe meusi ya volkano, umeinuliwa hadi usawa wa kiuno, maana masika ya huku maji hayaombi njia. Paa la bati limesimama wima kisha likatokeza mbali mbele ya kuta, likashikwa na nguzo za mti wa mkulo. Chini yake ndipo lilipo baraza, na baraza ndiyo nyumba yenyewe. Ndani hamna korido. Kila chumba kina mlango wake wa kutokea barazani, hivyo mpanda mlima aliondoka alfajiri bila kumwamsha jirani, na akirudi na matope yake alivulia viatu palepale. Jiko ni jengo la peke yake huko nyuma, moshi na hatari ya moto vikae mbali. Sebuleni kuna mahali pa kuotea moto. Anayeshangaa hajalala Marangu mwezi wa saba. Iguse nguzo ya kona: upande wa ndani bado una makovu ya tezo, wa nje umelainishwa na migongo ya watu.

Sasa nusu ya baraza hilo imezibwa. Madirisha ya alumini, vioo vya bluu, dari ya jipsamu. Vyumba viwili vimepatikana, sikatai, na mwenye nyumba ana ada za watoto za kulipa. Ila matundu ya hewa ya juu ya kuta yamefunikwa, na mawe yaliyojengwa kwa chokaa yamepigwa lipu ya saruji. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Lipu inavimba, inabanduka, fundi anaitwa tena, anapiga saruji nyingine. Lawama anabebeshwa ukuta.

Msitegemee sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, wakati Mjerumani hajaanza kutawala huku. Nyumba ya shamba ya miaka ya 1900 haina mtetezi mpaka Waziri aitangaze.

Najua wapo wanaosema ni mabaki ya mkoloni, yaanguke tu. Mkoloni alitoa amri. Mawe yale yalibebwa kwa vichwa vya watu wa hapahapa, na tezo ile hakuishika yeye.

Kwa hiyo wewe uliyerithi nyumba ya namna hii, vyoo vya ndani viongeze kwa nyuma, kwenye ukuta usiotazamwa na mtu. Baraza liache wazi, panga viti, uza kahawa ya shambani kwako. Mafundi wazee wanaojua kuchanganya chokaa bado wapo huku vijijini. Waulize kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji.