Wamarekani na sikukuu za watu wengine: tatizo ni kusherehekea au ni kukebehi?

Kila ikikaribia Mei 5 Wamarekani wanaanza ugomvi wao ule ule, eti mtu ambaye hana hata tone la damu ya Meksiko anapata wapi ruhusa ya kuvaa sombrero, ile kofia pana ya Kimeksiko, na masharubu ya kubandika halafu analewa tequila, akiulizwa anasema ni Cinco de Mayo. Siku yenyewe ni ya kukumbuka vita vya mji wa Puebla huko Meksiko, 1862, Jenerali Zaragoza alipowachapa Wafaransa wa Napoleon III. Walevi wengi wanadhani ni uhuru wa Meksiko, kumbe uhuru ni Septemba 16, na huko Meksiko ukishatoka Puebla siku hiyo wala haina mbwembwe.

Wanaotetea wanasema jamani acheni watu wafurahi, nchi ya wahamiaji hiyo, kila mtu kaja na chake. Na hawajakosea. Walioianzisha Cinco de Mayo huko California ni Wameksiko wenyewe, miaka hiyo hiyo ya 1860, kampuni za bia zimekuja kuivamia baadaye sana. Halafu cheki St. Patrick's, sikukuu ya Waayalandi, pale Chicago, tangu 1962 mafundi bomba wanamwaga unga mtoni, unga wenyewe wa rangi ya chungwa ila ukigusa maji mto mzima unakuwa kijani, watu wa kila kabila wamejaa kingoni na kofia za kijani na hakuna anayeulizwa babu yake katoka wapi.

Ila hapo ndo wenzao wanapowabana. Waayalandi walidharauliwa sana huko karne ya 19, leo wametoa mpaka marais, umtanie usimtanie hapungukiwi kitu. Mmeksiko bado anaambiwa rudi kwenu, sasa yule yule anayemwambia hivyo ndo Mei 5 anaigiza lafudhi yake baa, yaani hapo hata mimi ningenuna. Na biashara nayo: 2013 Disney walitaka kusajili jina "Día de los Muertos" kama alama yao ya biashara, siku ambayo Wameksiko wanawakumbuka marehemu wao! Watu wakaja juu, ombi likaondolewa fasta, na mchora katuni Lalo Alcaraz aliyewachora kwa kejeli baadaye wakamwajiri awe mshauri wa filamu yao ya sikukuu hiyo hiyo.

Wale wanaosema sikukuu ni ya waliozaliwa nayo tu, sijui Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, wataiweka wapi. Msomi mmoja mweusi, Maulana Karenga, kaianzisha California 1966, maneno kachukua Kiswahili chetu, umoja, ujima, ujamaa, mpaka mkeka na kinara, na Wamarekani weusi wengi mababu zao walitoka Afrika Magharibi, sio huku. Kuna Mswahili kanuna? Wengi wetu hata hatujui ipo. Hawakutuchora vikatuni, ndo maana.

Kwa hiyo mimi niko na wanaosherehekea, ila wa kebehi siwatetei. Jirani Mhindi akikukaribisha Diwali nenda, kula ladu, washa taa, atafurahi kuliko ukijifungia ndani kwa kuogopa kukosea. New York 2023 walipitisha sheria shule za umma za jiji zifungwe Diwali, kwa hiyo hata mtoto ambaye kwao hawajawahi kuwasha diya, yaani hizo taa za Diwali, atabaki nyumbani siku hiyo, na bila shaka atauliza kwa nini hakuna shule.