Baba wengi kwenye gunzi moja

Sembe tunayosongea ugali hapa Mbeya ni ile akiba ya wanga ndani ya punje, na akiba hiyo ina nakala mbili za jeni za mama kwa moja ya baba. Tena baadhi ya jeni zake zina muhuri wa mzazi: ya mama hufanya kazi, ya baba hunyamazishwa, au kinyume chake. Kwa nini kunyamazisha, wakati nakala ya pili ndiyo kinga pale ya kwanza inapokuwa mbovu?

Jibu maarufu, la wanabiolojia David Haig na Mark Westoby (1989), ni la undugu. Lipeleke shambani. Kila uzi wa ndevu za hindi hupokea chavua yake, na upepo wa Uyole haubagui mbelewele za jirani. Jeni ya mama iliyomo katika punje moja ina uwezekano wa 0.5 kuwemo katika punje ya pembeni. Ya baba ni nusu ya uwezekano kwamba baba ni mmoja. Huo ukiwa 0.2, inabaki 0.1. Punje ikijivutia chakula ikapata faida F na kuwatia wenzake hasara H, jeni ya mama inakubali F ikizidi 0.5H, ya baba inaridhika F ikizidi 0.1H tu. Kati ya hapo ni ugomvi, na kunyamazishwa kwa nakala ya mzazi mmoja ndiko tokeo lake. Panya wanaunga mkono: mwaka 1991 ilionekana kuwa kitoto chenye nakala mbovu ya Igf2, jeni ya ukuaji, kutoka kwa baba huzaliwa na takriban 60% ya uzito wa kawaida. Ikiwa mbovu ni ya mama, hakidhuriki.

Hesabu tamu, lakini inaruka hatua: haionyeshi jinsi muhuri wenyewe unavyoenea vizazini. Mwaka 1998 watafiti Spencer, Feldman na Clark walifuatilia aleli (matoleo tofauti ya jeni moja) kizazi hadi kizazi kwa modeli tisa, wakakuta muhuri unaweza kuibuka hata jike akiwa na dume mmoja.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni mahindi yenyewe. Muhuri wa jeni R, alioueleza mtafiti Kermicle mwaka 1970, ni wa rangi ya punje: ikitoka kwa mama punje hukolea yote, ikitoka kwa baba huwa na mabakamabaka. Rangi inamnyang'anya nani chakula? Kwa jeni za ukuaji naukubali undugu. Kwa R, bado sijashawishika.

Wala shamba la mbegu chotara halitatuamulia. Mistari ya mama hung'olewa mbelewele, baba ni wa aina moja, ule ugomvi wa baba wengi haupo, na muhuri uko palepale. Misimu michache haifuti kilichojengwa na vizazi vingi namna hiyo.