Msimnunulie mtoto karatasi ya uongo

Kuna ushauri nimeusoma juzi kwa grupu ya WhatsApp ya kina mama na mpaka saa hii umenikaa rohoni. Dada mmoja aliuliza akitaka kuasili mtoto aanze na karatasi gani, kabla ajibiwe vizuri mwingine akamwambia achana na mambo ya korti utazeeka ukingoja, tafuta nesi mnayeelewana akuandikie notifikesheni ya kuzaliwa, ile karatasi ya hospitali ya kuchukulia cheti cha kuzaliwa, kwa jina lako, mtoto ni wako siku hiyo hiyo. Na watu wakampigia makofi. Makofi jameni!

Huyo mtoto ana mama aliyemzaa. Hapo ndipo watu wanaruka kama hawajaona. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inasema mtoto hawezi kuasiliwa kabla afikishe wiki 6, na sababu iko wazi, msichana aliyejifungua jana, amefukuzwa kwao, hana hata nauli, si mtu wa kuwekewa kalamu mkononi aambiwe sahihi hapa. Apewe muda akili itulie. Na kama mtoto ameokotwa, kesi inaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, polisi watafute wazazi wake, halafu baadaye watoe barua nyingine ya kusema hakuna aliyejitokeza. Hiyo barua ya pili ndiyo kila mtu analalamikia, lakini ndiyo inayoonyesha kuna mtu aliuliza, je, huyu mtoto aliibwa? Novemba 2020 BBC Africa Eye, wale waandishi wa upelelezi wa BBC, walionyesha watoto wakiuzwa hapa hapa Nairobi, wengine wameibwa kwa kina mama wanaolala barabarani. Sasa wewe na nesi wako mkishaandika jina lako, huyo mama akija kumtafuta mtoto wake atamtafutia wapi? Mmemfuta kabisa.

Na mtoto mwenyewe je? Aliyeasiliwa na korti anahesabika kama umemzaa, urithi na kila kitu, na jina lake linaingia kwa rejista ya watoto walioasiliwa. Huyo wa notifikesheni ya uongo siku ukifa shangazi atasimama mazishini aseme huyu hakuzaliwa hapa, waitishe DNA, na mtoto ajue ukweli wake mbele ya watu huku anakulilia. Nimeona familia ikimfanyia kijana hivyo na sitaki kuona tena.

Karatasi zenyewe si za kutisha. Vitambulisho, cheti cha ndoa kama umeolewa, cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya polisi, ripoti ya daktari, payslipu au stetimenti ya benki, barua za watu wanaokujua. Shirika la kuasili linakuja kwako kuangalia unaishi vipi, hawatafuti makochi mapya wanatafuta nyumba yenye utulivu. Ukipewa mtoto unakaa naye miezi 3 kabla ya kupeleka ombi, halafu Mahakama Kuu inamwekea mtu wa kumtetea yeye, si wewe. Waislamu wenzetu, kafaala, ule ulezi wa mtoto kwa njia ya Kiislamu, sasa imo kwa sheria, ulizeni.

Sawa, inachukua muda mrefu, hilo nakubali. Faili inaweza kulala stesheni ya polisi miezi na miezi kwa sababu afisa alihamishwa, na mtoto anajifunza kutembea kwa kituo cha watoto wakati kuna watu wanamngoja nyumbani. Hiyo inaniuma sana. Lakini basi tupige kelele huko, tudai stesheni ziwekewe tarehe ya mwisho ya kutoa hiyo barua, tudai maafisa wa watoto waongezwe.

Dada uliyeuliza, anza na shirika lililosajiliwa, na kabla ya kulipa hata shilingi waombe wakuonyeshe leseni. Cheti cha tabia njema ombeni mapema wewe na mzee, nyote wawili. Na huyo nesi usimpigie.