Mdogo wenu ana umri gani?

Ami yangu ni nahodha. Ameendesha mashua kati ya Amu, yaani Lamu, na kisiwa cha Manda tangu mimi ni mtoto wa chuo cha Kurani, na hata leo ukimfuata gatini ukamwambia una wageni wanataka kwenda Manda Toto kuogelea, hakuulizi mko wangapi wala mna shilingi ngapi. Anauliza, "Mdogo wenu ana umri gani?" Ukimjibu miaka kumi, mtang'oa saa mbili asubuhi na kurudi alasiri. Ukimjibu miezi minane, anatazama maji, anatazama tanga, halafu anakwambia mje alfajiri, mwende hapo Manda kando tu, na kabla yua halijawa kali muwe mmesharudi majumbani. Hapo hakuna mjadala. Chombo kizima kinapangiwa safari kwa ajili ya yule asiyeweza kusema tumbo linamuuma.

Swali hilo limenirudia mwezi huu kwa sababu ya wifi yangu. Yuko Dubai na mumewe, Alhamdulillahi mambo yao yamenyooka, na wanataka familia zetu mbili tukutane tupande meli ya kitalii wiki nzima. Amenitumia video mpaka simu imejaa. Bwawa juu ya bwawa, mabomba ya kuteleza yanayozunguka kama nyoka, watoto wa Kizungu wanapiga kelele ndani ya maji ya rangi rangi. Nyingi ni za Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza kazi 2024: urefu mita 365, na ikijaa inabeba abiria 7,600. Wanangu wakubwa, wa miaka 8 na 4, wamezitazama mpaka wamezihifadhi kama sura fupi. Wa tatu ana miezi kumi. Yeye hajaulizwa.

Mimi naona watu wengi wanachagua meli kinyumenyume. Wanaanza na mabomba ya kuteleza, wanakwenda kwenye bei, wanamalizia na mtoto mchanga kama vile ni begi la ziada. Anza na mchanga. Yeye atakukatia nusu ya orodha kabla hujapoteza usiku mmoja mtandaoni.

Meli nyingi hazimpokei mtoto ambaye hajafikisha miezi 6. Zile zinazokaa baharini siku nyingi bila kugusa nchi kavu hutaka awe ametimiza mwaka. Royal Caribbean wameliandika wazi: miezi 6 kwa safari za kawaida, miezi 12 kwa zile za kuvuka Atlantiki na nyingine zenye siku tatu au zaidi mfululizo za maji matupu. Mama mjamzito naye ana mpaka wake. Kampuni nyingi hazimruhusu ikiwa mimba itafika wiki 24 kabla safari haijaisha. Na kuna meli ambazo mtoto hakanyagi kabisa. Wifi yangu alikuwa ameshaipenda moja ya Virgin Voyages, nyeupe yenye urembo mwekundu, mpaka nikamuonyesha kwamba haichukui mtu wa chini ya miaka 18. Viking wa safari za bahari nao ni hivyo hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema basi hiyo ataipanda na mumewe watakapokuwa wazee.

Ukishavuka umri wa kuingia, linakuja suala ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti: ile klabu ya watoto yenye michezo na wahuduma wenye tabasamu, karibu kila mahali inaanza miaka 3, na mtoto awe ameacha nepi. Wangu wa miaka 4 ataingia. Wa miezi kumi atabaki kiunoni mwangu, na mimi nitakuwa nimelipa nauli kwenda kufanya kazi ile ile ninayoifanya hapa Langoni, tena bila mama mkwe wa kunipokea. Disney Cruise Line wana nasari ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, unalipia kwa saa. P&O Cruises wa Uingereza wana jambo ambalo ningependa kila kampuni iliige: nasari ya usiku isiyolipiwa, unampeleka mtoto amelala, unakwenda kula kwa utulivu, unamchukua baadaye angali amelala. Aliyebuni hilo bila shaka amewahi kulea.

Na yale mabwawa? Mtoto wa nepi haingii, hata akivaa nepi ya kuogelea. Kwenye meli zinazofika bandari za Marekani hiyo ni kanuni ya afya, inasimamiwa na CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na kampuni haina uwezo wa kukulegezea. Atapelekwa kwenye kijisehemu chake chenye maji ya kurukaruka, kama meli inacho. Kama haina, atakaa juu ya taulo akiwatazama nduguze. Sasa hebu ziangalie zile video tena.

Jambo ninalolishikilia zaidi ni jaketi okozi, na nina sababu. Idi moja, huyu wa miaka 4 alipokuwa na miaka miwili, tulikodi boti ya mtu hapa hapa kwenda kuvuka. Ami alikuwa Faza. Tukapewa majaketi, na mimi nikaridhika kwa kuwa kila mtu amevaa. Lile la mtoto lilikuwa la mtu mzima, wamelikaza mshipi mara mbili kifuani likafungana kama furushi. Katikati ya mkondo boti ikapigwa na wimbi la boti nyingine, nikamdaka kwa kulishika jaketi mabegani. Jaketi likaja juu mkononi mwangu. Mtoto akabaki chini, amekaa, ananitazama. Hakuanguka. Lakini mpaka leo nikilala huwa naliona lile jaketi tupu. Ami aliporudi alinionyesha: mvishe, funga, kisha kamata mabegani uvute juu kwa nguvu. Likipita masikio, si lake. Na la mtoto mdogo liwe na mshipi unaopita katikati ya miguu.

Kwa hiyo nikisoma habari za meli kubwa natafuta hilo kwanza, na kwa haki lazima niseme, hapo wametuzidi. Baada ya Titanic kuzama 1912, mataifa yaliandika SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, mwaka 1914, na umekuwa ukifanyiwa marekebisho tangu hapo. Leo unataka abiria wapewe mafunzo ya dharura meli inapoondoka, na katika safari ya saa 24 au zaidi kila mtoto mchanga awe na jaketi la kipimo chake. Ukiingia chumbani usingoje kuletewa. Omba la mchanga siku ile ile, mvishe, vuta mabegani.

Chumba nacho. Wifi anataka chenye roshani. Mimi nataka dirisha lisilofunguka. Nimelelewa kwenye nyumba ya ghorofa ya Amu, najua mama anavyokaa na roho juu mtoto akipanda ngazi ya paa, na huko chini ni kwa jirani, si baharini. Tena roshani nzuri huwa juu, na juu ndiko chombo kinakoyumba zaidi. Wahenga wetu walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: uende nyuma ya chombo au mbele, utarudi chini tumboni mwake. Walikuwa na mambo mengine vichwani, lakini kwa mwenye watoto wanaolewa bahari ushauri unafaa vile vile ulivyo: chukua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini. Ni rahisi pia, kwa kawaida.

Chakula hakina mjadala mrefu ila kwa mambo mawili. Meli nyingi zina nyakati mbili za kula cha usiku, na ile ya pili mtoto wa miaka 4 anakuwa ameshalala kwenye sahani. Omba ya kwanza. La pili ni halali. "Tuna chakula cha aina zote" si jibu. Nataka niandikiwe kwa barua pepe nyama inatoka wapi, inapikwa kwenye vyombo gani, na kama sivyo basi nitajua nimekwenda kula samaki na mboga wiki nzima, jambo ambalo mtu wa Amu halimuui. Kasino na baa zitakuwepo, hatutajifanya hatujui. Mume wangu alikuwa na wasiwasi wa kibla. Ami akamcheka: mabaharia wa jahazi wamesali njia yote hadi Maskati, unaelekea kibla ukianza, chombo kikigeuka unageuka kuelekea kibla tena ukiweza.

Sasa tuje kwenye kampuni. Kama ningepewa hiari tupu, ningesema Disney, kwa sababu ndiyo waliofikiria mtoto kabla ya kufikiria baba yake. Lakini meli zao nyingi ziko Florida, na hata ile waliyoipangia Singapore, kwetu ni kuvuka bahari kwa ndege ili kwenda kupanda meli ya kuzunguka na kurudi pale pale. Ongeza bei yao, ambayo nikiitaja mume wangu hufunga mazungumzo.

Kura yangu nampa MSC. Ndiyo, hiyo hiyo ya makontena. Ukoo mmoja, makao yao Geneva. Kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiweka meli Ghuba kati ya Novemba na Machi, joto la kule likiwa limepungua, zinazunguka Dubai, Abu Dhabi, Doha na kwingineko. Bandari ziko karibu karibu, hukai siku nyingi bila kuona nchi. Wana chumba cha watoto wa chini ya miaka 3 walichokitengeneza pamoja na Chicco, kampuni ya vifaa vya watoto. Na katika safari zao nyingi mtoto anayelala chumba kimoja na watu wazima wawili halipiwi nauli, unalipa kodi na ada za bandari tu. Uliza swali moja ulipewe jibu la maandishi: kwenye chumba hicho cha wachanga naacha mtoto nikaondoka, au nakaa naye? Jibu hubadilika kutoka meli hadi meli na saa hadi saa.

Pesa nyingine zinafichwa kwenye bakshishi. Kampuni kubwa za Marekani hukata kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kila siku, na baadhi haziwasamehi hata watoto. Zidisha kwa watu watano na siku saba kabla hujasema meli ni rahisi.

Viza ndiyo itakayokuadhibu usipoiangalia. Ukitoka Dubai ukaenda Doha ukarudi Dubai, umeingia Imarati mara mbili, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja itakuacha kwenye mlango. Ulaya ni mtego ule ule: meli ikitoka Italia ikapita Uturuki, umetoka eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na unataka kurudi. Mwenye pasipoti ya Kenya na asiyetaka maumivu hayo ana Durban, kwa kuwa tangu Januari 2023 hatuhitaji viza ya Afrika Kusini kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Huko wanataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila aliyetimiza mwaka, na beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, asili, si picha ya simu.

Utaniuliza kwa nini hatupandi Mombasa. Swali zuri, na linaniudhi kila nikilifikiria. Enzi za African Safari Club, kampuni ya utalii, ilikuwepo meli yao Royal Star ikipakia watu pale Kilindini. Kisha maharamia. Novemba 2005 waliishambulia Seabourn Spirit nje ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, na kwa miaka mingi meli za kitalii zikatukimbia. Sasa zinarudi, jengo la abiria limetengenezwa upya, lakini zinakuja na watu wao, wanashuka kwenda Tsavo, wanapanda, wanaondoka. Sisi tuliozaliwa na bahari mlangoni tunakwenda kuitafuta kwa ndege.

Haya yote nilimwambia wifi kwa sauti ya dakika kumi na moja, nikiwa nakuna nazi. Akakaa siku mbili kimya. Mume wangu akasema nimemkera dadake. Jana usiku akajibu, sekunde nne tu: "Basi dada, tungoje kaskazi ya mwakani, mwana awe anatembea."

Wanangu wakubwa wamenuna. Nimewapoza kwa Takwa, yale magofu ya Manda, Jumamosi, mashua ya ami. Niliwaambia waende wenyewe wakamuombe. Ami akauliza swali lake, wakajibu miezi kumi, akatazama maji. Amesema tuwe gatini mara tu baada ya Sala ya Alfajiri, na tusimcheleweshe, maana mai yakipwa ule mkono wa Takwa haupitiki, tutalala humo mikokoni na mbu.