Mashine tunazo, mishipa haina mwenyewe

Juzi nimeenda wodini kumwona baba mdogo, kalazwa kwa nimonia tu, figo ni habari yake ya siku zote, nakuta nesi anamfunga mashine ya presha mkono wa kushoto. Mkono wa fistula, ile mishipa miwili iliyounganishwa kwa upasuaji ili achomwe sindano za mashine ya kusafisha damu! Mzee anasema "huo hapana mwanangu", anajibiwa babu tulia. Nikapandisha sauti mpaka wodi nzima ikageuka na sijutii hata kidogo.

Jamani ule mkono ndo uhai wake. Mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, damu inatokea hapo, inasafishwa, inarudi hapo hapo. Ukiubana damu ikaganda basi, mwingine ukitengenezwa unasubiri wiki na wiki ukomae, huku nyuma anawekewa mpira wa shingoni ambao ni njia ya bakteria kuingia kwenye damu moja kwa moja.

Ila nesi mwenyewe hakufundishwa, nimemsamehe. Kinachoniuma ni kwamba mashine za kusafisha damu zinanunuliwa, utepe unakatwa, mgeni rasmi anapiga picha, halafu mishipa inayolisha hizo mashine hakuna anayeifuatilia. Na fistula mara nyingi haifi ghafla, inaaga kwanza. Ukigusa inatakiwa itetemeke kama simu iliyo vaibresheni, sasa mtetemo unapungua, sindano zikitolewa damu inachelewa kukata, mkono unavimba, presha ya kurudisha damu kwenye mashine inapanda wiki hadi wiki. Namba zinaonekana! Zinaandikwa, zinaingia kwenye faili, faili linaingia kabatini. Kumbe mtu angekuja kliniki asubuhi kama mgonjwa wa nje, akapigwa ultrasaundi ya mshipa, pakionekana pamebana panapanuliwa kwa puto linaloingizwa ndani ya mshipa, jioni yuko kwake Tukuyu anakula ndizi (kidogo, potasiamu hiyo). Sisi tuliambiwa "ikisimama ndo mje". Ikasimama, tukaambiwa Dar. Kilomita 800 na ushee kwa basi, wakati damu ikishaganda mle kila saa ina hesabu yake.

Haya, nakubali, zamani hata mashine yenyewe ulikuwa unaifuata Dar, na madaktari wa upasuaji wa mishipa ni wachache. Lakini kupapasa mkono na kuusikiliza kwa stethoskopu kabla ya kuchoma sindano kunahitaji bingwa gani? Fistula yenyewe ni ya 1966, kina Brescia na Cimino huko New York, sio teknolojia ya juzi.

Mambo ya bima leo siyagusi, nitaharibu siku.

Wenye mgonjwa nyumbani papaseni huo mkono kila asubuhi, asiulalie, asibebee ndoo wala debe la viazi, saa avae mkono mwingine, na kwa baridi hii ya Mbeya acheni kumvalisha masweta ya mikono ya kubana.

Nyie wakubwa wa hospitali tupeni siku moja tu ya wiki, chumba kimoja, nesi mmoja anayeijua mishipa na ultrasaundi ambayo mnayo tayari. Hayo maputo tutakuja kuyadai baadaye.